Ugonjwa Uko Kwenye Maungio: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Kempa wa Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mama zangu, madereva, na nyinyi vijana wa gereji mlioacha kazi asubuhi ya leo mkaja kukaa chini ya makuti haya, ahsanteni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kempa za zamani, yale magari-nyumba yenye kitanda, jiko, friji na tangi la maji nyuma ya dereva. Hapa Malindi mnayajua. Mengine yaliletwa na wageni waliokuja kuishi, Waitaliano wengi wao, wakazeeka au wakarudi kwao na gari likabaki chini ya mwarobaini. Mengine ni ya wasafiri waliovuka Afrika, wakafika pwani wakachoka, wakauza. Siku hizi wanaoyanunua ni sisi wenyewe: mwalimu mstaafu anayetaka kuwapeleka wajukuu Tsavo kwa lango la Sala, kijana anayetaka kukodisha kwa watalii, mama anayetaka kuligeuza mkahawa. Na kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kempa ya mwaka 1985 ikifa huwezi kuagiza nyingine kama hiyo. Tulizonazo ndizo hizo. Ndiyo maana naona uchungu zikifia mikononi mwetu mafundi.

Neno langu leo ni moja. Katika gari kuukuu la pwani, mara nyingi ugonjwa hauko kwenye kifaa, uko kwenye maungio. Alternata ni nzima, stata ni nzima, pampu ya maji ni nzima. Kilichooza ni pale waya unapokutana na chuma, pale kichwa cha waya kinapobanwa na boliti, pale plagi inapoingia kwenye tundu lake. Mahali hapo jicho halioni kitu. Panataka mita, kile kifaa cha kupima umeme.

Nililijifunza hili kwa pesa ya mtu mwingine, na mpaka leo linanikaa moyoni. Alinijia mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa hapa hapa. Gari lake lilikuwa linagoma kuwaka. Ukipiga stata linasema ta, kisha kimya. Nikamwambia betri. Akanunua betri. Likawaka siku tatu, kwa sababu betri mpya ina nguvu za kulazimisha, kisha likarudia ta. Nikamwambia basi alternata haichaji vizuri. Akanunua alternata. Likarudia. Nikamwambia stata. Akanunua stata iliyotumika kutoka Mombasa. Mara ya nne alikuja kwa tuktuk, gari ameliacha barabarani. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu fundi, kiinua mgongo changu kimekwisha."

Niliondoka naye nikiwa na aibu. Nikamwambia apige stata, mimi nikiwa nimeinama ndani ya injini nikishika hiki na kile. Mkono wangu ukagusa kebo ya klachi, ile ya chuma inayovutwa na pedali. Ilikuwa ya moto. Kebo ya klachi haina kazi na umeme, kwa nini iwe ya moto? Kwa sababu umeme wa stata, ulipokuta njia yake imezibwa, ulitafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, ukapita kwenye kebo ya klachi. Chini ya giaboksi kulikuwa na mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na chasisi. Ukiutazama ulionekana upo. Nilipoufungua, upande wa ndani ulikuwa unga mtupu wa kijani na mweupe. Nikausugua kwa msasa na brashi ya waya, nikafunga boliti mpya. Gari likawaka mara moja, likazunguka kwa kasi ambayo mwalimu alisema hajawahi kuisikia tangu alinunue. Nilimrudishia pesa zangu zote za kazi. Za spea sikuwa na uwezo wa kuzirudisha, na zile spea zake za zamani, nzima kabisa, zilikuwa zimeshauzwa kwa chuma chakavu.

Sasa nataka muelewe kwa nini nilidanganyika, maana mafundi wengi hudanganyika hapo hapo. Stata ya injini ndogo ya petroli inapoanza kuzungusha huvuta ampea 150 hata 200. Ya dizeli huvuta zaidi. Chukueni ungio lenye kutu, lenye ukinzani wa ohmu 0.02 tu, kiasi ambacho mita zetu za kawaida haziwezi hata kukisoma kwa uhakika. Ampea 200 zikipita hapo, volti 4 zinabaki njiani. Betri ina 12, stata inapata 8, inasema ta na kunyamaza. Fundi naye anakuja na testa ya balbu ya wati 5. Balbu hiyo haivuti hata nusu ampea. Kwenye ungio lile lile, kinachopotea hakifiki hata sehemu moja ya mia ya volti. Balbu inawaka vizuri sana, na fundi anaapa kuwa waya ni mzima. Balbu haikusema uongo. Iliulizwa swali dogo, ikajibu swali dogo.

Ile mita inayolia pii mnapogusisha ncha mbili nayo ina tabia hiyo hiyo. Inapitisha umeme mdogo mno. Waya wenye nyuzi 50 ukikatika 49, mita bado italia pii kupitia ule uzi mmoja. Kwa hiyo ungio lipimwe likiwa kazini, likiwa limebeba mzigo wake wote.

Kupima kwenyewe ni hivi. Weka mita kwenye volti za betri, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri, ile risasi yenyewe, si kichwa cha waya kilichobanwa juu yake. Ncha nyekundu iguse chuma kitupu cha injini, mahali pasipo rangi wala mafuta. Mwambie mwenzako apige stata. Ukisoma 0.2 au chini yake, athi yako, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ni nzima. Ukisoma 1, au 2, au zaidi, hizo ni volti zinazopotea njiani, na sasa unafuata nyayo zake: kutoka nguzo hadi kichwa cha waya, kutoka kichwa cha waya hadi chasisi, kutoka chasisi hadi injini. Pale namba inaporuka, ndipo pabovu. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo chanya, nyingine kwenye boliti nene ya stata. Hapo isizidi 0.5. Kazi yote ni dakika kumi. Hujashika spana hata moja, na hujamtuma mtu dukani.

Wazee wetu wa bahari hawakukisia. Vasco da Gama alipofika mji huu Aprili 1498, alipewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut kule India. Mabaharia wa bahari hii walikuwa na kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, fundo unaliuma kwa meno, kibao unakinyoosha mbele ya jicho, unapima nyota imeinuka kiasi gani juu ya upeo. Kibao na uzi, basi. Mtu alijua yuko wapi katikati ya maji kwa sababu alipima. Sisi wajukuu wao tuna mita mfukoni, halafu tunamwambia mteja, "Nafikiri ni alternata."

Na kwa nini ni sisi hasa wa pwani? Kwa sababu ya chumvi. Metali mbili tofauti, kwa mfano shaba na chuma, au alumini na chuma, zikishikana na kuloweshwa maji ya chumvi, zinakuwa betri ndogo, na moja ya hizo mbili inaliwa. Kusi ikivuma, unyevu wa bahari unaingia kila mahali. Mnaona misumari ya mabati ya Mambrui na Ngomeni inavyooza. Kempa ina mamia ya maungio, na mengi yako chini ya sakafu, karibu na magurudumu, yanarushiwa mchanga na maji. Tena waliozijenga kempa walikuwa na mazoea ya kuchukua athi ya taa au ya pampu kwenye skrubu iliyo karibu, ya chuma, iliyoshindiliwa ndani ya fremu ya alumini. Kwao kwenye baridi ilidumu. Hapa haidumu miaka mingi. Mkiona taa za ndani zinafifia pampu ya maji ikiwaka, au kukanyaga breki kunawasha indiketa, msiguse balbu. Tafuteni ile skrubu.

Nendeni mkawaone mafundi wa boti, wale wanaohudumia boti za kuvulia samaki wakubwa hapa na Watamu. Wao chumvi imeshawafundisha. Wanatumia waya ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati, kwa hiyo kutu haipandi ndani ya mpira. Kichwa cha waya wanakibana kwa koleo la kazi hiyo, si kwa nyundo wala plaisi. Juu yake wanavika mpira wenye gundi unaonywea kwa moto, maji yasipenye. Solda peke yake hawaiamini mahali panapotikisika, kwa sababu waya uliolowa solda unakuwa mgumu, na unakatika pale ugumu unapoishia. Grisi wanapaka baada ya kukaza, juu ya ungio, isije ikakaa katikati ya chuma na chuma. Vaselini pia inafaa kwa nguzo za betri. Haya yote yanafaa kwa kempa neno kwa neno. Mimi nimebadilisha athi zote za kempa ninazozihudumia kwa mtindo huo: nyaya zote hasi za nyumba zinarudi kwenye baa moja ya shaba, na baa inarudi kwenye betri kwa waya mmoja mnene. Baada ya hapo unakagua mahali pamoja, si arobaini.

Kempa, kama mnavyojua, ina betri mbili: ya injini na ya nyumba. Betri ya risasi iliyopumzika saa chache, ikisoma volti 12.6 au 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.9 imekwisha, na kila siku unayoiacha hapo inaganda ndani na haitarudi tena kuwa ile ya mwanzo. Ndiyo sababu gari lililolala ndilo linaloumwa. Katikati ya betri hizo mbili kuna rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayoziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Kuijaribu ni rahisi: pima betri ya nyumba injini ikiwa imezimwa, kisha washa injini. Ikipanda kupita 13.5, rilei inafanya kazi. Ikibaki palepale, angalia fyuzi iliyo karibu na kila betri kabla ya kuilaumu rilei. Alternata yenyewe, injini ikizunguka, ilete kati ya 13.8 na 14.4. Ikileta pungufu, fungua uangalie kaboni, vile vipande vidogo vinavyosugua ndani yake, kabla ya kununua alternata nzima. Kaboni zinalika, na ni kitu kidogo cha bei ndogo. Na mkanda, ule unaoizungusha alternata. Mkanda uliolegea umeshauza alternata nyingi katika mji huu.

Kuna wanaolalamika kuwa betri inaisha usiku na hakuna kilichowashwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna redio inayokumbuka saa, kuna kengele ya wezi, kuna taa ya kabati ambayo swichi yake imekwama. Fungua waya hasi wa betri, weka mita katikati yake kwenye kipimo cha ampea 10, na tafadhali usipige stata wala usiwashe kitu kikubwa mita ikiwa hapo, itaungua. Ukisoma ampea 0.05 au chini, ni sawa. Ukisoma 0.5, hizo ni ampea-saa 12 kila siku, na betri ya ampea-saa 80 itakuwa imefika nusu kabla siku ya nne haijaisha. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoiangusha namba ndiyo njia ya mwizi.

Nikitaja fyuzi, naomba kila mmoja anisikie. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye tundu la fyuzi ni moto uliowekewa tarehe. Fyuzi ya ampea 10 iliyokatika mara mbili haidai fyuzi ya 30. Inakwambia kuna waya umechubuka na unagusa chuma. Kempa ni mbao, godoro, pazia na mtungi wa gesi, na watu wamelala ndani. Fundi anayeweka karatasi ile anaondoka na mia mbili. Watoto wanabaki nayo usiku.

Kabla hujagusa chochote, jua gari lako ni la volti ngapi. Volkswagen za kabla ya 1967 zilikuwa za volti 6. Land Rover za zamani, nazo mpaka 1967, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi. Ukifunga redio au alternata ya kisasa bila kugeuza, unaiua papo hapo. Malori na mabasi mengi ya Kijapani ni volti 24, na kempa iliyojengwa juu ya basi la namna hiyo inaweza kuwa na 24 mbele na 12 nyuma. Soma vibandiko, hesabu betri, pima.

Umeme wa nyumbani, hizi volti 240, unaua, kwa hiyo hapa nitakwenda polepole. Kempa nyingi zilitoka nchi za Ulaya ambako plagi inaweza kuingizwa hivi au kinyume chake. Yetu ya pini tatu inaingia upande mmoja tu. Mtu akikata plagi ya kigeni akafunga ya kwetu bila kupima, anaweza kugeuza waya wa moto na ule wa kurudi. Taa itawaka kama kawaida. Lakini swichi ya ndani ikikata waya mmoja tu, sasa inakata ule wa kurudi, na kifaa unachodhani kimezimwa bado kina moto. Na waya wa athi wa ekstensheni ukiwa umekatika, kitu kikivuja ndani, bodi nzima ya gari inakuwa na umeme, likiwa limesimama kwenye mpira. Aliye ndani hasikii kitu. Anayetoka pekupeku akashika mlango, mguu mmoja kwenye mchanga wenye majimaji, ndiye anayepigwa. Nyaya za 240 ziachiwe fundi wa umeme mwenye leseni, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kiwekwe mwanzo kabisa wa njia. Kina kitufe cha kukijaribu. Kibonyezeni kila mnapochomeka, kabla mtoto hajashuka.

Friji. Karibu kila mwenye kempa aliniambia friji yake imekufa, na nyingi zilikuwa hai. Friji ya kempa za zamani haina kompresa. Inafanya baridi kwa kuchemsha maji yenye amonia kwa moto mdogo, fikra iliyobuniwa na vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, wangali wanafunzi. Amonia inapanda, inapoa, inashuka kwa uzito wake tu kwenye mabomba. Sasa gari likisimama limelala upande kwenye mteremko wa mchanga, vimiminika havishuki, vinakwama, na friji haipozi. Weka bakuli la maji sakafuni ndani ya friji utazame yamesimama sawa au vipi. Sawazisha magurudumu kwa vipande vya mbao, subiri masaa, usiku mzima ikibidi. Jambo la pili ni wale nyigu wa udongo wetu. Wanapenda sana matundu ya nyuma ya friji, na buibui anapenda bomba la kichomeo. Moto ukiwa wa njano na unayumba badala ya kuwa wa buluu, safisha. Ile jeti yenye tundu dogo iloweke kwenye spiriti na uipulize. Usiichokoe kwa sindano, ukilipanua tundu umeharibu kila kitu. Tatu, ikiwa kwenye umeme wa gari friji hiyo huvuta ampea 10 na zaidi, basi iwe hivyo ukiwa unaendesha tu. Ukisimama, hamia gesi.

Na gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatambaa sakafuni na kukaa chini kama maji. Kwa hiyo chini ya kabati la mtungi kuna tundu la kuitoa nje. Nimeona tundu hilo limezibwa kwa mkeka, kwa tambara, na mara moja kwa simenti, ati panya wasiingie. Weka wavu, usizibe. Maungio ya gesi yapimwe kwa povu la sabuni na brashi, kamwe si kwa kiberiti. Hapa napo, mnaona, maungio.

Upande wa injini nitaugusa juu juu, maana wengi wenu ni makanika kunishinda. Ila maji. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na bado mtu anachota ndoo anamimina kwenye redieta. Miaka miwili, mirija imeziba, injini inachemsha kwenye mlima wowote. Redieta ipewe maji safi yaliyochanganywa dawa yake, na betri ipewe maji ya betri tu. Gari likichemsha, kabla ya kutaja gasketi ya hedi, tazama kofia ya redieta: spring yake ikichoka, maji yanachemka mapema na kumwagika, na injini nzima inahukumiwa kwa kosa la kofia. Hosi zibonyezwe kwa kidole zikiwa baridi. Iliyo laini kama ndizi mbivu itapasuka huko mbali Garsen, si Malindi.

Dizeli inayowaka asubuhi kwa shida, kisha inakwenda vizuri mchana kutwa, mara nyingi inanyonya hewa usiku. Weka kipande cha bomba linaloonyesha ndani kabla ya pampu ya dizeli utazame viputo. Klipu moja iliyolegea inatosha. Mwenye Kombi ya injini ya nyuma, bomba zako za petroli ziko juu ya injini ya moto. Zikipasuka zinadondosha hapo hapo. Zibadilishwe zote, na klipu zake zote, hata kama zinaonekana nzima. Tairi zitazamwe tarehe: namba nne ubavuni, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya kempa inazeeka kabla haijalika, meno yote yapo na mpira umekufa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na unyevu tunao. DOT 4, aina moja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 230 za Selsiasi. Iliyokwisha kunyonya maji inachemka kwa 155 hivi, nawe una gari zito lenye nyumba mgongoni. Badilisha kila miaka miwili. Baada ya safari fupi, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Iliyo ya moto peke yake, breki yake imekwama.

Hapo binti mmoja anayejifunza ufundi, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote, aliinua mkono. "Shikamoo fundi. Hayo yote ni ya mwenye mita. Mimi niko kati ya Garsen na Witu, usiku, gari limesema ta. Mita sina. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo bora la leo. Kwanza washa taa za mbele uzitazame huku mtu anapiga stata. Zikizimika karibu zote, ama betri imelala ama kichwa cha waya kwenye nguzo hakishiki. Zungusha kichwa hicho kwa nguvu, kikwaruze risasi, ujaribu tena. Taa zikibaki na nguvu zake na stata inasema ta tu, basi kuna njia iliyokatika kwenda kwenye stata au kurudi. Chukua zile nyaya nene za kuazima moto kwa gari la mwenzako. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Funga waya mmoja tu, kutoka nguzo hasi ya betri moja kwa moja hadi chuma cha injini. Piga stata. Likiwaka, athi yako imeoza, na umeshaijua dawa yake. Nenda na waya huo umefungwa hivyo hivyo, mbali na mkanda na feni, mpaka Witu. Lisipowaka, pitisha mkono kwenye maungio baada ya kupiga stata. Lililo la moto ndilo bovu, kama kebo ya klachi ilivyonifundisha mimi.

Na kwa nyaya za nyumba, za taa na pampu, jitengenezee testa yenye njaa. Chukua balbu ya taa ya mbele ya wati 55, izungushie nyaya mbili za mita moja, ncha zake ziwe na klipu. Hiyo inavuta ampea nne na zaidi, haitosheki na uzi mmoja. Ifunge moja kwa moja kwenye betri kwanza, uone inavyong'aa. Kisha ifunge kwenye waya wa pampu. Iking'aa vilevile, pampu ndiyo mbovu. Ikififia, rudi nyuma ungio kwa ungio mpaka pale inapong'aa tena. Usiishike kwa mkono mtupu, inapata moto haraka.

Nimeleta balbu na klipu kwenye kile kisanduku pale mlangoni, na waya upo. Kempa ya mwalimu, ile niliyowasimulia, imeegeshwa chini ya mwarobaini, na jana usiku nimelegeza ungio moja mahali ambapo sitawaambia. Mwalimu mwenyewe ameniruhusu, yuko pale na wajukuu wake. Tengenezeni testa zenu, kisha mje mlitafute.